Rehema Alipouliza Kama Yesu Alisema Mwenyewe

Mpaka leo nikisikia kipaza sauti kikijaribiwa, ule mkoromo wa kwanza kabla mtu hajasema neno, halafu mlio mwembamba unaotoboa masikio, halafu "halo, halo, moja, mbili", moyo wangu hushuka. Huenda ni mnada wa mitumba tu, au watu wa dawa ya panya. Haidhuru. Mimi hurudi palepale gulioni, nimesimama kwenye tope baridi nyuma ya tenga la karoti, sweta la marehemu mama likinifika magotini, na mdogo wangu Rehema hayupo tena pembeni yangu.

Nitawasimulia kama ninavyokumbuka. Sikusoma sana, kwa hiyo msitafute mapambo.

Kijiji chetu kiko juu ya Malindi, hii ya milima ya Lushoto, mahali ambapo mashamba yameshikilia miteremko kama kupe, na ukungu huingia ndani bila kupiga hodi. Baba alikuwa mpasua mbao. Mti ulimwangukia msituni akafa, mdogo wetu Yona akiwa bado tumboni. Mama akatulea kwa karoti na kabichi, mpaka naye kifua kikamshika. Alipoanza kukohoa damu niliacha shule, darasa la sita, nikashika jembe. Kazi tuligawana bila kikao: mimi shamba, kuni na maji, Rehema, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili, kukaa na mama. Ndiye aliyemwinua akitaka kunywa uji, ndiye aliyempangusa jasho, ndiye aliyekuwa amemshika kichwa siku alipokata roho. Mimi siku ile nilikuwa bondeni nakata majani ya mbuzi.

Rehema alikuwa mtoto wa kuuliza. Ukimtuma chumvi atauliza ile ya juzi ilikwenda wapi. Mwembamba, kichwa kikubwa, macho yasiyopepesa. Watu wazima walikuwa wakimwona anakuja wanatafuta shughuli ya kufanya.

Siku ya kuanua matanga, mjomba wetu alisimama mbele ya watu. Huyu ni kaka yake mama, mzee wa kanisa, mtu mpole mwenye watoto wengi na nyumba iliyojaa. Akavua kofia, akasema, "Dada yangu kabla hajafa aliniambia mwenyewe. Alisema Rehema aje kwangu. Yona apelekwe kwa mama yake mkubwa Kwamkoro, kule kwenye chai. Na Esta, huyu mkubwa, atafutiwe kazi Lushoto mjini, kuna mwalimu anataka msichana wa kulea mtoto. Ndivyo alivyosema."

Watu wakaitikia, "Bwana asifiwe." Maneno ya marehemu hayajibiwi. Mtu akisema marehemu kasema, mnainamisha vichwa, yamekwisha.

Mimi niliinamisha changu. Lakini nilimwona Rehema. Yeye hakuinama. Alikuwa anamtazama mjomba mdomoni, kama mtu anayengoja amalize kutafuna.

Kitu kimoja kilituokoa kwa muda. Rehema alikuwa katika darasa la kipaimara, na mjomba mwenyewe alisema si vizuri kumhamisha kabla hajathibitishwa. Basi ikaamuliwa tukae pamoja mpaka siku hiyo, halafu tutawanywe. Sisi watatu na mbuzi mmoja na nyumba ya udongo ya baba. Kila Jumapili iliyopita nilihisi kama mtu anavuta blanketi kidogokidogo.

Inafaa niwaeleze jambo lingine. Baba alizaliwa Mwislamu, akabatizwa alipomwoa mama. Kwa huku milimani hilo si ajabu. Kuku wetu wa Krismasi alichinjwa na jirani Mwislamu ili watu wote wale, na Idi ilipofika tulikula pilau kwao mpaka matumbo yakauma. Lakini baba alipobatizwa mdogo wake hakupendezwa. Huyo ndiye baba mdogo, alikuwa anauza machungwa Muheza. Kwenye msiba wa mama alikuja, akakaa nje juu ya gogo na kofia yake ya kufuma, akala, akatupa pole, akaondoka. Hakusema kwamba marehemu alimwambia neno lolote. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa wakati ule sikujua ni kwa nini namheshimu.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Kila kitu kilichokuwa hakipatikani kikaanza kupatikana, kwa mwenye nacho. Gulioni palijaa radio kaseti, viatu vya mtumba, sabuni za kunukia. Malori ya Dar es Salaam yalipanda mpaka kwetu kufuata kabichi. Na maneno nayo yakawa ruksa. Wahubiri wa kila aina walikuja na betri ya gari na kipaza sauti, wakatundika spika kwenye mti, wakaanza. Wengine walikuwa Wakristo wanaoponya vichwa. Wengine walikuwa Waislamu wanaohubiri kwa kutumia Biblia, na hao ndio waliovuta watu wengi zaidi, kwa sababu ilikuwa kama kutazama mpira.

Siku hiyo ninayoisema alikuja mmoja mwenye kanzu nyeupe, na juu ya kanzu amevaa koti zito la mtumba kwa ajili ya baridi yetu. Alikuwa na mwenzake wa kusoma. Yeye anasema, "Soma!" mwenzake anasoma aya, yeye anafafanua.

"Amesema Baba ni mkubwa kuliko yeye. Haya, mkubwa na mdogo wanakuwaje sawa? Soma na pale! Anaulizwa siku ya mwisho ni lini, anasema hata yeye hajui. Mungu gani hajui? Soma pale bustanini! Anaomba, amelala kifudifudi. Anamwomba nani, anajiomba mwenyewe?" Akahamishia kipaza sauti mkono wa pili, spika ikakoroma. "Sina ugomvi na Nabii Isa, mimi nampenda. Nataka mstari mmoja tu, aliposema kwa mdomo wake, mimi ni Mungu, niabuduni. Nileteeni huo, nibatizwe hapa hapa."

"Abatizwe na baridi hii? Atakufa bure," alisema mama mmoja muuza viazi, watu wakacheka.

Utingo wa lori akapiga kelele kutoka juu ya kabichi, "Walutheri mko wapi? Leo mmefungwa goli!"

"Mpira haujaisha, bwana mghosi!" akajibiwa kutoka upande wa mitumba.

Nilicheka pamoja nao. Nilipogeuka kumwambia Rehema atoe karoti nyingine, hakuwepo. Alikuwa amepenya katikati ya watu, amefika mbele kabisa, na nilisikia sauti yake kwenye kipaza sauti kwa sababu yule mhubiri alikuwa amemsogezea.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Je, kuna mahali aliposema kwamba yeye siye?"

Kikaja kicheko kikubwa, cha pande zote mbili. Mhubiri naye alicheka, si kwa ubaya. Akarudia aya zake: anaomba, anatumwa, hajui saa. Rehema akasema, "Hayo nimeyasikia. Nauliza, alisema siye?" Mhubiri akamtazama. "Binti huyu ana akili. Ni wa nani?" Watu wakamtaja baba kwa jina lake la zamani, lile la kabla ya ubatizo, na mama kwa jina lake, na kwamba wote ni marehemu. "Nenda ukasome, binti," mhubiri akasema, kwa sauti ya chini kidogo. "Ukipata, uniambie."

Angejua anamwambia nani, asingesema hivyo.

Kuanzia siku ile Rehema alisoma Biblia ya mama. Alisoma asubuhi kabla ya shule akigeuza mihogo kwenye majivu, na jioni mlangoni mpaka giza lifiche herufi. Alichana maganda makavu ya mahindi kuwa vipande vyembamba. Pale palipoelekea kuonyesha kwamba Yesu ni Mungu alichomeka ganda juu ya ukurasa. Pale palipoelekea kuonyesha kwamba siye, alichomeka chini. Baada ya wiki chache kile kitabu kilifanana na kiota cha kuku.

"Juu yapo mengi, Dada," aliniambia. "Chini nako yapo. Lakini yote watu wanasema, au yeye anafanya kitu, au anauliza watu wanamwonaje. Akiulizwa wazi, anajibu kwa namna ya kumrudishia mtu swali."

"Kama wewe," nilimwambia.

Hakucheka. Nilikuwa nasonga ugali na moshi umeniziba macho, nikamwambia aache, mambo hayo yana wenyewe, yeye akariri katekisimu apate kipaimara. Kisha nikakumbuka kipaimara kitaleta nini, nikaendelea kusonga.

Siku moja Yona, miaka minne, aliyachomoa maganda yote akatengeneza ng'ombe. Zizi zima. Rehema aliporudi na kuona, alikaa chini akalia kwa sauti, akilia kama mtu mzima anavyolia, mabega yakipanda na kushuka. Nilishangaa, kwa sababu mama alipokufa hakulia hivyo. Kwa kweli sikuwa nimemwona akilia kabisa. Yona aliogopa akamletea ng'ombe mmoja. Kesho yake Rehema alianza upya, ukurasa wa kwanza.

Kwenye darasa la kipaimara alimuuliza mwinjilisti. Alikuwa mzee mwema, amefundisha nusu ya kijiji, hata mama alipita mikononi mwake. Rehema alinieleza walivyosemezana, akiigiza sauti zote mbili.

"Mwanangu, alisamehe dhambi. Nani anasamehe dhambi ila Mungu?"

"Hayo alitenda. Alisema?"

"Walimsujudia, hakuwakataza."

"Hayo alinyamaza. Alisema?"

"Alisema kabla ya Ibrahimu yeye yupo. Wale waliomsikia waliokota mawe. Unafikiri waliokota mawe kwa sababu gani? Walimwelewa!"

Hapo, alisema Rehema, aliona mwinjilisti amepata kitu, na alikiri. "Nikamwambia hilo ni kubwa, Mwalimu. Lakini waliookota mawe walielewa wao. Yeye hakumaliza kusema." Mwinjilisti akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akamwambia, "Mambo mengine, mtoto wangu, hayasemwi kwa mdomo. Mtu anaishi nayo, walio karibu naye wanayajua."

"Nikamuuliza," Rehema akasema, "na walio karibu wakikosea?"

Mzee akasema darasa limekwisha.

Ikafika Jumapili ya kuhojiwa. Watoto husimama mbele ya usharika, mwinjilisti anauliza, nao wanajibu kama walivyokariri, kwa sauti moja ya kuimbaimba. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi kila mtu apaze sauti. Kanisa lilinuka sweta mbichi na udongo. Mjomba alikaa benchi la mbele na wazee wenzake. Mimi nilikuwa nyuma, Yona magotini.

"Rehema. Yesu Kristo ni nani?"

Jibu lile kila mmoja wetu aliyekulia kanisani analijua hata usingizini. Akina mama wa benchi langu walishaanza kulisema kwa midomo. Rehema alishika mikono nyuma.

"Mitume wanasema ni Mungu," alisema. "Mama naye alisema. Yeye mwenyewe nimemtafuta, sijapata aliposema kwa maneno hayo. Sijapata pia aliposema siye. Bado natafuta."

Mvua ikaendelea. Nilimwona mjomba shingo tu, ilivyokakamaa. Mwinjilisti hakukasirika. Alionekana amechoka, kama mtu aliyepandisha mlima na mzigo usio wake. "Kaa chini, mwanangu," alisema. Akamwita mtoto mwingine.

Nitawaambia nilichofikiri siku ile. Nilifikiri Rehema ni mjanja kuliko sisi sote. Nilifikiri amefanya makusudi, ili asithibitishwe mwaka ule, ili tusitawanywe. Nikatembea kurudi nyumbani na furaha nimeificha kifuani kama mtu aliyeficha yai. Nilimpikia kisamvu kwa karanga. Alikula kidogo tu.

Lakini maneno yana miguu, na barabara ya kwetu inateremka. Kijijini ilisemwa kwamba Rehema amekataa kujibu. Yalipofika Malindi, amemkana Yesu. Lushoto mjini, amesilimu. Na malori ya mboga yalipoyafikisha Muheza, mtoto yatima amesimama madhabahuni, amesoma shahada, ameirusha Biblia chini, na Wakristo wanamnyima chakula.

Baba mdogo alifika na gunia la machungwa na kaseti za mihadhara mfukoni mwa kanzu. Alikuwa na haraka machoni. Aliweka gunia chini, akamwita Rehema kabla hata ya kunywa maji.

"Ni kweli ulisema mbele ya watu kwamba Yesu si Mungu?"

"Shikamoo, Baba. Sikusema hivyo."

"Watu wote wanasema ulisema."

"Ndiyo, Baba. Wanasema."

Mjomba akaitwa. Kikao kikafanyika sebuleni kwetu mchana huohuo, ukungu umefunga mlango. Wanaume wawili kwenye viti vya baba, mimi kwenye mafiga, Rehema mkekani akichambua maharage. Yona alikuwa anamenya chungwa lake la kwanza na kulipaka usoni.

"Shemeji," mjomba alianza, "marehemu alishapanga. Rehema ni wa kwangu. Akikaa kwangu mambo haya ya kaseti yatamtoka."

"Kaseti ndizo hizi, ninazo mimi, hajawahi kuzisikia," baba mdogo alisema. "Damu ndiyo imemrudisha, shemeji. Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Ninyi mmemfukuza, mimi simfukuzi."

"Hatujamfukuza! Tumesema asubiri mwaka."

"Huko ndiko kufukuza kwa Kilutheri."

Mjomba karibu acheke. Walikuwa wanaheshimiana wale, na kama si sisi wangeweza kuzungumza bei ya viazi. Mjomba akavuta pumzi. "Dada yangu aliniambia mwenyewe, kwa—"

"Mjomba," Rehema alisema, bila kuinua macho kwenye maharage. "Mama alikwambia lini?"

Niliacha mwiko chunguni, nikageuka.

"Ile jioni niliyokuja kumwona."

"Nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika kichwa. Hakusema."

"Rehema!" nikasema. Mtoto hamwambii mjomba hivyo. Hapa kwetu hata ukiona nyumba ya mjomba inaungua unaanza na shikamoo.

Lakini mjomba aliinua mkono kuninyamazisha. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mgonjwa hasemi yote kwa mdomo," alisema polepole. "Alinitazama. Halafu akawatazama ninyi, mmoja mmoja. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Nilimwelewa."

"Basi ungesema alikutazama," Rehema akajibu.

Mjomba alifunika uso kwa kofia. Alilia, mzee mzima, mabega yakitikisika chini ya koti. Mpaka leo siamini kwamba alikuwa mwongo. Naamini alitazamwa, akasikia alichosikia. Alikuwa na watoto wengi na moyo mzuri, na alisikia kile ambacho angeweza kukibeba.

Baada ya pale hakuna aliyebishana tena. Mtoto aliyemliza mjomba wake mbele ya watu hawezi kukaa kilima kile, hilo wote wawili walikubaliana haraka kuliko walivyokubaliana lolote. Baba mdogo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimuuliza, "Na wewe mwenyewe unataka wapi?"

"Nataka kubaki hapa na Dada na Yona," alisema Rehema.

Aliyasema kwa mdomo wake, kwa Kiswahili kilichonyooka, mchana, watu wazima wawili wakisikia. Hayakuhesabiwa. Baba mdogo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia hali ya hewa, kisha akasema lori linaondoka kesho asubuhi.

Wakageukia suala la Yona, wa kwenda Kwamkoro. Nilinyanyuka. Nilimbeba yule mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa wa kukimbia, nikamfunga mgongoni kwa kanga, miguu yake ikanining'inia mpaka mapajani, juisi ya chungwa ikaniteremka shingoni. Nikasimama mlangoni.

"Huyu haondoki."

"Esta," mjomba akasema, "nani amekupa ruhusa ya kusema?"

"Hakuna."

"Nawe utaishije na mtoto, wewe mwenyewe mtoto?"

Nilikaza fundo la kanga. Nilisimama tu. Mwishowe baba mdogo alisema, "Mwache, shemeji. Kwa leo tumeshachukua cha kutosha."

Asubuhi Rehema alipanda juu ya kabichi na baba mdogo. Alivaa viatu vyangu, kwa sababu Muheza ni mji. Biblia ya mama aliniachia. Lori lilipokata kona ya kwanza ukungu uliwameza, nikabaki nasikia injini tu, ikishuka, ikishuka, muda mrefu kuliko nilivyodhani sauti inaweza kusikika. Yona aliuliza atarudi jioni? Nikamwambia twende tukapalilie.

Nilikaa katika nyumba ile, na kazi ya Lushoto haikutajwa tena. Mwaka wa kwanza tulikula viazi asubuhi na viazi jioni. Mjomba hakutukanyagia mlango kwa muda mrefu, kisha siku moja alikuja na jembe akanisaidia kuinua matuta yaliyobomolewa na mvua, akaondoka. Alifanya hivyo kila masika mpaka alipokufa.

Rehema huko Muheza alipelekwa madrasa. Baada ya muda mfupi habari zikatufikia kwamba amemuuliza ustadhi maswali, naye ameambiwa akae chini. Nilicheka niliposikia, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu. Baba mdogo alimtunza vizuri, alimsomesha mpaka darasa la saba, akamwoza kwa mtu mwema. Lakini hakurudi kuishi kwetu.

Nilikwenda kumwona alipojifungua mtoto wa kwanza. Joto la Muheza lilinichosha, embe zilinuka kila mahali, na nilikuwa mwanamke mzima sasa. Tulikaa ukumbini, nikambebea mtoto. Nikamuuliza kile nilichokuwa nimekibeba miaka yote. Siku ile kanisani, alifanya makusudi ili tusitawanywe?

Alinitazama kwa yale macho.

"Hapana, Dada. Wala sikufikiri hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa na mama. Unajua neno lake la mwisho? Alisema nimgeuze upande wa ukutani, mwanga unamuumiza. Basi. Halafu nikasikia kwenye matanga amesema hiki, amesema kile, amepanga hadi Kwamkoro. Nikajiuliza, kumbe mtu akiondoka wanaweza kumsemea? Na yule wa kwenye Biblia naye ameondoka. Nikataka kujua kama naye walimsemea, au kama yupo hata mtu mmoja ambaye alisema mwenyewe na likabaki kama alivyolisema. Nilitaka awepo mmoja."

"Ulimpata?"

Akamchukua mtoto wake, akamweka titini. "Sijui," alisema. "Sikuchoka kumpenda, lakini nilichoka kutafuta."

Mimi ni Mlutheri, nasali, na nikiulizwa Yesu ni nani najibu kama mama alivyojibu, na namaanisha. Maganda hayakunipunguzia imani. Lakini tangu siku ile siwezi kulisema jibu lile bila kumwona mtoto wa miaka kumi na miwili amesimama mbele ya watu wazima, mikono nyuma, akiomba mtu mmoja tu amhakikishie kwamba maneno ya aliyeondoka yanaweza kuaminika, nasi tukisikia ukaidi. Wakristo tulisikia uasi. Baba mdogo alisikia kusilimu. Mimi niliyempenda kuliko wote nilisikia ujanja. Hakuna aliyesikia kwamba alikuwa na msiba.

Yona sasa ana mke na watoto, amejenga karibu nami. Siku za sikukuu tukikutana wote, Rehema akipata nafasi ya kupanda kutoka Muheza, Yona hupenda kuwasimulia watoto wake jinsi bibi yao alivyofariki. Anawaambia kwamba bibi alimshika Shangazi Esta mkono, akasema kwa sauti dhaifu, "Mwanangu, nakuachia Yona, usimtoe kwa mtu yeyote." Analisema vizuri, hata sauti ya mama anaiweka, naye siku ile alikuwa mtoto mdogo amelala kwa jirani, na mimi nilikuwa bondeni na mundu. Watoto wanasikiliza bila kupepesa. Mdogo wao hulia kila mara.

Rehema hunitazama tu kutoka upande wa pili wa moto, anangoja. Nami nainama, nachochea kuni.